Diski Iliyong'aa Mno

Sura ya Tatu

Koplo alikuwa akijitazama meno kwenye kielelezo cha kesi.

Sajenti alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Alisimama, akamwacha amalize. Koplo alikuwa ameshika diski kwa vidole viwili, ameisogeza hadi karibu na pua, amefunua mdomo wa juu na anachokoa kitu kwa ukucha. Kilipotoka aligeuza shavu, akakagua na ndevu.

"Umependeza," Sajenti alisema.

Diski nusura imponyoke. "Afande! Nilikuwa... naichunguza."

"Imekwambia nini?"

"Kwamba nahitaji kunyoa."

"Irudishe mezani. Na uishike ukingoni, usiguse uso wake."

Koplo aliirudisha taratibu, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota. Mezani kulikuwa na diski tatu, kila moja pembeni ya boksi lake. Maboksi yalikuwa ya gemu adimu ambazo wapenzi wa gemu huzitafuta mwaka mzima: moja ya farasi, moja ya vita vya meli, moja ya mbio za jangwani. Diski zilizokutwa ndani yake zilikuwa za gemu za mpira wa miguu. Tena mpira wa kale, wa misimu iliyokwisha sahaulika, zile gemu ambazo muuzaji humpa mnunuzi bure kama nyongeza na mnunuzi akazikataa.

"Mwenyewe bado yupo mapokezi?" Sajenti aliuliza.

"Yupo. Nimemwambia aende nyumbani tutampigia, kasema benchi letu halimchoshi." Koplo alishusha sauti. "Afande, niruhusu niseme. Huyu dada amejiibia. Amejaribu kutapeli watu, ameshikwa, sasa amekimbilia kwetu kabla wao hawajafika. Akionekana analia kituo cha polisi, nani atamwita mwizi?"

"Umemwona akilia?"

Koplo alifikiri. "Hapana."

"Basi mlete."

Aliingia msichana mwembamba, nguo yake imepigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya mikono. Alisalimia, akakaa bila kuegemea kiti. Jina alilojulikana nalo sokoni lilikuwa Dada Kasoro.

Soko lenyewe halikuwa na meza wala paa. Lilikuwa ukurasa kwenye simu, ambapo watu wa mfuko mwembamba waliuziana gemu zilizokwisha chezwa, filamu za diski, pedi zilizolegea vitufe na mashine ambazo wenye uwezo walikwisha zichoka. Kwa kuwa mtu wa namna hiyo akitapeliwa mara moja hana cha kununulia mara ya pili, soko lilikuwa limejiwekea desturi. Gemu ya thamani haikutoka kwa muuzaji ikaenda moja kwa moja kwa mnunuzi. Ilipitia kwanza kwa mkaguzi. Yeye alifungua kifurushi, akaijaribu diski kwenye mashine yake, na akisema nzuri, ndipo mnunuzi alipolipa na kwenda kuichukua. Mara tatu sasa mkaguzi alikuwa amefungua kifurushi cha Dada Kasoro, na mara tatu akakuta mpira wa kale ndani ya boksi la gemu adimu.

"Unamshitaki nani?" Sajenti aliuliza.

"Hiyo si ndiyo kazi yenu, afande? Mimi nimeleta wizi. Mwizi mtafuteni nyinyi."

Koplo alikohoa.

"Kwa nini wanakuita Kasoro?"

"Mwanzoni walikuwa wananicheka." Alitoa simu, akafungua tangazo, akaisukuma mezani. "Kila ninachouza nakitaja ubovu wake. Soma hapo, afande."

Sajenti alisoma kwa sauti. "Farasi wa Moto. Kava limekunjika pembeni. Diski ina mkwaruzo karibu na ukingo, haukwamishi. Tundu la katikati lina ufa mwembamba kama unywele. Nimeicheza mpaka mwisho, haikatiki." Aliinua macho. "Na watu wananunua hivyo hivyo?"

"Wanawapita wanaoandika 'kama mpya', wanakuja kwangu. Kama mpya! Kitu kimetumika, sema kimetumika. Tena useme kimetumikaje."

"Sasa soko linasemaje?"

Kwa mara ya kwanza msichana alitazama chini, lakini si kwa muda. "Msimamizi wa ukurasa amesema jioni hii ananifungia duka. Jina langu limeshabandikwa juu kabisa kwa maandishi mekundu: malalamiko ya utapeli. Duka ningeweza kufungua jingine kesho, afande, kwa jina jingine. Wengi wanafanya hivyo. Mimi sitaki jina jingine. Hili nimelijenga mwenyewe, diski kwa diski."

Sajenti alinyanyuka, akachukua kofia yake. "Twende ukanionyeshe unavyofunga mzigo."

Nyumbani kwao kulikuwa sebule moja na chumba kimoja. Diski zilikuwa zimepangwa kwenye rafu ya viatu, na viatu vilikuwa chini ya kochi. Mama yake alikuwa anashona kitufe, akawakaribisha, akamkazia macho Koplo mpaka Koplo akavua kofia.

"Mnamkamata?" mama aliuliza.

"Tumekuja kutazama, mama."

"Tazameni. Lakini niwaambie, huyu mwanangu hawezi kutapeli hata akifundishwa. Juzi tulikuwa tunauza kabati. Mnunuzi amesharidhika, ameshaanza kulibeba. Huyu akatoka ndani anakimbia: 'Subiri, mlango wa kushoto unalia!' Anatangaza kasoro kama anatangaza msiba."

"Na mnunuzi alifanyaje?" Koplo aliuliza.

"Alilichukua. Sasa kila akinunua kitu anakuja kwanza kumuuliza huyu."

Dada Kasoro hakucheka wala hakusubiri. Alikuwa ameshachukua diski kwenye rafu, na Sajenti alimsogelea. Msichana aliishika kwa tundu na ukingo. Akapuliza vumbi. Akachukua kipande cha fulana laini na kufuta kutoka tunduni kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, kisha mwingine pembeni yake, kama mtu anayefyeka njia.

"Huzungushi kitambaa?"

"Ukizungusha, ukipata mchanga mdogo tu umechora duara zima, na mashine haisomi tena. Ukinyoosha, hata ukikwaruza, inaruka hapo inaendelea."

"Na hiyo mikwaruzo iliyopo, huiondoi?"

"Inataka mashine ya kung'arishia. Mimi sina. Na kulipia ni ghali, bei ingepanda, wateja wangu wangekimbia. Naitaja tu."

Aliitia diski kwenye mashine yake kuukuu, akasubiri mpaka picha ikatokea, akaitoa, akaiweka ndani ya boksi, akalizungushia gazeti, akalifunga kwa selotepu ya kahawia, mikunjo yote upande mmoja. Koplo alikuwa amekodoa macho. Hata mama aliacha sindano.

"Maganda ya vile vifurushi vitatu unayo?" Sajenti aliuliza.

Alikuwa nayo. Mkaguzi alikuwa amerudisha kila kitu, boksi na ganda lake. Sajenti aliyatandaza juu ya kochi na kuinama. Mawili yalikuwa na selotepu ya kahawia tu, iliyokatwa kwa wembe vifurushi vilipofunguliwa. La tatu, la Farasi wa Moto, lilikuwa na selotepu ya kahawia, na juu yake nyingine, isiyo na rangi.

"Hii si yangu," Dada Kasoro alisema. Sauti yake ilikuwa kavu.

Koplo alishaanza kuvaa kofia. "Nani anakubebea?"

"Breki. Wa pikipiki."

Kabla ya kutoka, Sajenti alirudi kwenye rafu ya viatu. "Una mpira wa kale hapa?"

"Nani hana? Napewa hata nikikataa."

"Niazime mmoja. Ule mchafu kuliko yote."

Breki aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizitumia. Walimkuta kijiweni amechuchumaa pembeni ya pikipiki yake, mnyororo uko chini, mikono imejaa grisi. Alipoona sare mbili alisimama, kisha akachuchumaa tena, kama hajui lipi lina adabu zaidi.

"Kifurushi cha Dada Kasoro," Koplo alianza, "ulikifungua."

"Mimi? Mungu wangu, afande!"

"Selotepu unayotumia si ile isiyo na rangi?"

Breki alitazama boksi la nyuma ya pikipiki. Ndani mlionekana koti la mvua, spana, na selotepu isiyo na rangi. Wenzake kijiweni walianza kusogea, kila mmoja akijifanya anapita.

"Ilikuwa mvua," alisema taratibu. "Kimelowa, gazeti likaanza kuachia kona. Nikasema huyu dada anafunga vizuri, nikimfikishia kimelegea atanitangaza na mimi kwenye simu. 'Breki, dereva mzuri, kasoro: hulowesha.' Nikakifunga juu yake. Basi. Sikukifungua."

Wenzake walicheka. "Na kweli hulowesha!" mmoja alisema.

"Huyo alikuwa na nafasi na anayo selotepu, afande," Koplo alinong'ona. "Tumchukue?"

Sajenti alitoa boksi moja tupu kwenye mfuko wake na ile diski chafu aliyoazima. "Breki. Itie hii ndani ya boksi."

"Hivi nilivyo?"

"Ulivyo hivyo."

Breki alifuta mikono kwenye suruali, ambayo haikuwa safi kuliko mikono, akaichukua diski. Haikutaka kukaa. Aliikandamiza kwa dole gumba, akaigeuza, akaikandamiza tena, mpaka mtu mmoja kijiweni akamwambia abonyeze katikati. Alipomaliza, diski ilikuwa na alama nyeusi za vidole pande zote mbili, na boksi lilikuwa na nyingine.

"Sasa nenda kanawe. Kwa sabuni."

Alienda kwenye bomba, akanawa, akarudi, akarudia. Alama zilipungua weusi, lakini zilikuwepo.

"Asante," Sajenti alisema. "Endelea na mnyororo."

Walipofika mbali na kijiwe Koplo alishindwa kuvumilia. "Tumemwacha?"

"Asubuhi, ulipokuwa unachokoa meno, uliona alama ya kidole kwenye ile diski?"

"Hapana. Ilikuwa safi kama kioo cha saluni."

"Sasa ipo alama moja. Ni ya dole gumba lako." Sajenti alimpa diski chafu. "Jitazame humu."

Koplo aliinua diski, akaigeuza kwenye mwanga. Kilichoonekana kilikuwa ukungu, mikwaruzo, na alama za Breki. "Simwoni mtu."

"Huo ndio mpira wa kale, Koplo. Hivyo ndivyo ulivyo kila nyumba, kwa sababu hakuna anayeujali. Wanaufanya kinga ya kikombe cha chai. Zile tatu za mezani kwangu zimepitishwa kwenye mashine, zimeondolewa kila mkwaruzo, zimefutwa. Kuzing'arisha kumegharimu zaidi kuliko zinavyouzwa. Tapeli gani anayelipia kusafisha takataka anayokwenda kumtupia mtu?"

Koplo alimrudishia diski chafu. "Tapeli tajiri."

"Au mtu ambaye mkono wake hauwezi kuacha kitu kichafu. Hata anapoiba."

Koplo alisimama katikati ya njia. "Lakini baada ya Breki aliyeigusa ni mkaguzi tu, na ndiye aliyetoa taarifa mwenyewe!"

"Mara tatu," Sajenti alisema. "Twende kwanza tukachukue hati."

Mkaguzi waliyemwendea aliitwa Kioo na soko zima. Chumba chake cha kazi kilikuwa mkabala na kinyozi, na kilikuwa safi kuliko zahanati. Vifaa vilining'inia ukutani kwa urefu, kifupi hadi kirefu. Juu ya meza kulikuwa na mashine ya kung'arishia, yenye sahani inayozunguka na pedi mbili za manyoya, na mashine hiyo ilikuwa inanguruma polepole. Kioo alikuwa mtu mzima mwenye kitambaa cheupe begani. Hakukizima chombo chake kwa ajili ya polisi.

"Karibuni. Mmekuja kwa yule binti," alisema. "Inasikitisha. Alikuwa na mkono mzuri wa kufunga."

"Tunataka utufundishe kidogo," Sajenti alisema. "Sisi hatuzijui hizi."

Aliiweka mezani ile diski chafu ya Dada Kasoro, karibu na kiwiko cha Kioo, kisha akaanza kuuliza mambo mengine. Vifurushi vinaingiaje? Anavifungulia wapi? Anamwita nani akivifungua? Kioo alijibu kila swali vizuri. Alivifungulia hapa, mezani, peke yake, kwa sababu watu humchanganya. Msimamizi alimwamini. Wanunuzi walimwamini. Alipokuwa akisema haya, mkono wake wa kushoto ulisogea. Uliichukua diski, ukaipulizia maji, ukaipitishia kitambaa. Baada ya muda ulikuwa umeshaiweka kwenye sahani, na manyoya yalikuwa yameigusa.

Koplo alifungua mdomo. Sajenti alimkanyaga kidogo.

"Kwa nini unaisafisha?" Sajenti aliuliza. "Huo ni mpira wa kale."

Kioo aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, akatabasamu. "Mazoea, afande. Uchafu unaniwasha. Hakuna diski iliyopita mikononi mwangu ikatoka na doa."

"Hongera. Mashine hii ipo nyingine mjini?"

"Hii? Nimeiunda mwenyewe. Wengine wanatumia dawa ya meno." Alitamka maneno hayo ya mwisho kama mtu anayetema mbegu.

Sajenti alitoa sasa moja ya zile diski tatu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakunja uso. "Basi hii atakuwa ameing'arisha mtu anayejifunza. Ona wimbi hili hapa. Mkono umetetemeka."

"Wimbi?" Kioo aliinyakua. "Wimbi wapi?" Aliipeleka dirishani, akaiinamisha huku na huku, shingo imemtoka mishipa. "Hakuna wimbi hapa! Tazama, afande, tazama kwa macho. Hii imepita hatua zote. Imekwanguliwa, imepakwa krimu, ikamaliziwa kwa kitambaa kikavu. Mwanafunzi gani anamalizia kwa kitambaa kikavu? Hakuna mtu mji huu anayemalizia kwa kitambaa kikavu isipokuwa..."

Mashine iliendelea kunguruma. Koplo alinyoosha mkono, akaizima.

"Malizia," Sajenti alisema kwa upole. "Isipokuwa nani?"

Kioo aliiweka diski mezani. Aliiweka vizuri, uso juu. "Pengine huyo binti aliniletea siku za nyuma nikamsafishia. Wanakuja wengi."

"Dada Kasoro? Anayeuza diski na mikwaruzo yake akiitaja mmoja mmoja ili bei isipande, akulipe kusafisha mpira wa kale?"

Sajenti alitoa hati ya upekuzi. Kanuni zilitaka shahidi, kwa hiyo Koplo alivuka barabara akarudi na kinyozi, ambaye alikuja na mashine ya kunyolea mkononi na kumwacha mteja wake na nusu ya kichwa. Kinyozi ndiye aliyekuwa anunue Farasi wa Moto, awachezeshe wateja wakisubiri zamu.

"Simama hapa, ushuhudie tu," Sajenti alimwambia. "Usiguse."

Nyuma ya pazia kulikuwa na rafu. Gemu zilisimama mgongo kwa mgongo, kila moja ndani ya mfuko wa nailoni. Juu palikuwa na kibandiko: SI ZA KUUZA. Sajenti alivaa glavu, akapitisha kidole. Farasi. Meli. Jangwa. Zilifuatana.

"Hiyo ni Farasi wangu!" kinyozi alisema.

"Ni wangu," Kioo alisema. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Ninayo tangu zamani. Boksi lake hilo, kava lake hilo, halijakunjika. Na kama mnadhani ni diski ya yule binti, someni tangazo lake. Aliandika mkwaruzo karibu na ukingo. Nionyesheni mkwaruzo."

Sajenti aliitoa diski, akaipeleka dirishani. Ukingo wote ulikuwa laini kama maji ndani ya beseni. Hapakuwa na mkwaruzo. Koplo alimtazama Sajenti, na uso wake ulisema kila kitu: wameshindwa, na jioni imekaribia.

Sajenti hakuharakisha. Kila mkwaruzo kwenye diski ile ulikuwa umeondolewa, na mwondoaji alikuwa amesimama mbele yake amekunja mikono kifuani. Mashine yake ingeweza kuondoa chochote ilichoweza kukigusa. Aliigeuza tena diski. Alitazama pedi mbili za manyoya na sahani iliyozishikilia diski. Kisha akamgeukia kinyozi.

"Hilo tangazo ulilisoma?"

"Kulisoma? Afande, mimi nimekusanya kidogo kidogo. Kila nikifunga saluni nalifungua nalitazama, nisije nikakuta ameshauza. Nimelikariri." Alinyoosha mgongo kama mtoto mbele ya darasa. "Farasi wa Moto. Kava limekunjika pembeni. Diski ina mkwaruzo karibu na ukingo, haukwamishi. Tundu la katikati lina ufa mwembamba kama unywele..."

"Basi hapo."

Sajenti aliinua diski, akachungulia kupitia tundu lake kama mtu anayechungulia kwenye kitasa. Sahani ya Kioo iliishika diski kwa katikati. Palipo tundu, manyoya hayakufika. Na pale, kutoka ukingo wa tundu kuelekea kwenye maandishi madogo, palikuwa na mstari mmoja mweupe.

"Sogea," alimwambia kinyozi. "Wewe mambo ya unywele unayajua. Huu ni nini?"

Kinyozi aliinama, mikono nyuma kama alivyoagizwa. Alitazama sana. "Unywele wa mtoto mchanga," alisema. "Si wa mtu mzima."

Kioo alikaa. Aliuvuta ule mpira wa kale uliokuwa umesafishwa nusu, akaanza kuufuta kwa kitambaa, na hakuna aliyemzuia.

"Mngezifanyia nini?" alisema baadaye, bila kuinua macho. "Huyu angeiweka kati ya nywele na povu. Yule mnunuzi wa meli ana watoto wanaozirusha kama sahani. Vitu hivi havitengenezwi tena. Mimi nilizipokea zimechoka, nikazipa uso. Hapa hakuna aliyezigusa."

"Na yule binti?"

"Nilidhani watamkaripia tu. Ndiye anayepata nzuri. Na kila mtu alishazoea..." Alisita. "Jina lake Kasoro. Nilijua hakuna atakayeshangaa kasoro ikitoka kwake."

Kinyozi alimtazama kwa muda mrefu. "Mimi ningeifuta," alisema. "Kila jioni ningeifuta." Kisha akakumbuka nusu ya kichwa iliyokuwa ikimsubiri, akaondoka.

Kituoni, Dada Kasoro alikuwa amerudi kwenye benchi lake, safari hii na mama yake pembeni. Sajenti aliwaita ndani. Mezani kulikuwa na diski sita sasa, tatu kwa tatu, kila moja na namba yake ya kielelezo. Aliwaeleza kwa ufupi. Mama alipiga kigelegele kimoja, akajizuia kwa mkono, kisha akasema polisi wasamehe, akapiga cha pili.

Simu ya binti iliita. Alikuwa msimamizi wa soko, na sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Dada, pole sana. Tumepata taarifa. Duka halifungwi. Ila naomba tulimalize kimyakimya, unajua watu wakisikia mkaguzi ndiye..."

"Mlitangaza hadharani kwamba mimi tapeli nikiwa bado sijahukumiwa?" binti aliuliza.

"Tulisema tu kuna malalamiko..."

"Basi msafisheni jina langu pale pale mlipolichafulia. Juu ya ukurasa. Kwa rangi ile ile."

Msimamizi alishusha sauti. "Nyekundu?"

"Nyekundu."

"Sawa, dada."

Alikata simu. Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndevu zake zilezile, alipiga makofi mawili bila kujijua.

"Hizi utaziacha hapa mpaka hakimu azione," Sajenti alisema, akigusa meza karibu na diski. "Ni vielelezo. Nitazitunza mimi mwenyewe. Koplo hatazisogelea."

"Naweza kutazama, afande?"

Sajenti alimpa glavu. Dada Kasoro aliinua Farasi wa Moto kwenye mwanga, akaiinamisha. Chumba chote kilionekana ndani yake: dirisha, mama, kofia ya Sajenti.

"Amefanya kazi nzuri," alisema kwa haki, kama fundi akimsema fundi. "Mkwaruzo umekwisha kabisa."

"Sasa itapanda bei," Koplo alisema. "Na jina itabidi ubadilishe. Dada Kasoro asiye na kasoro ni nani tena?"

Binti aliigeuza diski, akatafuta kitu, akakiona, akairudisha mezani. Alivua glavu, akachukua simu na kuanza kuandika kwa kidole kimoja, midomo ikimfuata. Koplo alisogea nyuma ya bega lake, na mama akamwambia asome kwa sauti, maana yeye hakuja na miwani.

"Farasi wa Moto," Koplo alisoma. "Imeshauzwa kwa kinyozi, bei ileile. Anayetaka kujua hali yake: kava la mwanzo limekunjika pembeni. Mkwaruzo umeondolewa, si kwa mkono wangu. Kwa sasa ipo polisi." Akamalizia mstari wa mwisho. "Ufa upo palepale."